Sangara aliyesusiwa na nzi: wanamwekea nini?

#1 FundiSimu_Ndeeba
Salaam wakubwa. Jumamosi jioni nilinunua sangara wa kilo mbili na nusu kwa mchuuzi mmoja wa kandokando ya barabara, nikamning'iniza kwenye usukani wa pikipiki hadi nyumbani. Umeme hakuna, samaki akakaa juu ya meza ya jikoni zaidi ya saa mbili. Nzi hakumgusa hata mmoja. Na kwetu nzi si wageni: ganda la embe lililokuwa palepale mezani lilifunikwa tii. Mke wangu alipomtia kwenye mafuta ikaja harufu ya dawa, sijui mafuta ya taa, sijui wodi ya hospitali. Tukala vipande viwili, vilivyobaki viko kwenye friji. Kichwa nilimpa paka wa jirani.

Mimi nasema ni ile dawa ya maiti. Anayebisha alete hoja.

#2 BodaMkereketwa
Yaani ulishajua ni dawa ya maiti na bado ukala vipande viwili. Ndugu yangu, wewe umeshapakwa tayari, subiri tu siku yako.

#3 HajatiKibuli
Wanangu, hilo si la kucheka. Mwanzoni mwa 2018 si walikamatwa wauza nyama hapahapa Kampala kwa habari ya formalini? Nyama inaning'inia mchana kutwa, nzi wanapita mbali. Aliyeweza kwenye nyama ya ng'ombe atashindwa kwenye samaki?

Mimi sinunui samaki kabla sijamfunua matamvua. Yawe mekundu ya damu, si ya kahawia. Jicho liwe limejaa, lisiwe limezama. Bonyeza nyama kwa kidole: ikirudi, mchukue, ikibaki shimo, mwachie mwenyewe. Nilifundishwa na marehemu mama mkwe na sijawahi kuharisha kwa samaki.

#4 MwalimuWaKemia
Heshima yako Hajati, lakini hapo umepima ubichi tu, kemikali hujaigusa. Na samaki wa formalini ndiye atakayefaulu mtihani wako wa kidole vizuri kuliko wote.

Formalini ni gesi ya formaldehaidi iliyoyeyushwa kwenye maji, ile ya dukani ni kama asilimia 37. Kazi yake ni kufunga protini, zishikane zisiweze kuoza. Ndiyo maana chura wa maabara anadumu kwenye chupa miaka, lakini ukimshika ni kama mpira wa kandambili. Harufu yake haifanani na mafuta ya taa. Inachoma pua, machozi yanatoka. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu, na ushahidi mkubwa ulitoka kwa watu wanaoivuta kazini, si wanaoila.

Kwa hiyo mleta uzi, nijibu mawili. Nyama ilikuwa ngumu kama mpira? Na mkeo alitoa machozi alipokuwa anakaanga?

#5 FundiSimu_Ndeeba
Machozi alitoa, ila alikuwa anakata vitunguu. Nyama haikuwa ngumu, ilimeguka vizuri tu. Na harufu nikiikumbuka sawasawa ilielekea zaidi kwenye mafuta ya taa kuliko hospitali.

#6 BodaMkereketwa
Shahidi ameanza kubadilisha maelezo.

#7 MvuviMstaafu
Nimeivua ziwa hili la Nalubaale (Victoria) miaka 27, mwalo wangu Katosi na visiwani. Harufu ya mafuta kwa sangara ni jambo la kila siku wala halihitaji sumu. Injini inakunywa petroli iliyochanganywa na oili. Dumu la akiba linakaa nyuma, kifuniko chake ni kaveera (mfuko wa plastiki) iliyofungwa kwa kamba. Mawimbi yakipiga linamwagika, maji ya tumboni mwa mtumbwi yanakuwa na rangi za upinde wa mvua, na samaki wamelala humohumo tangu usiku wa manane. Sangara ana mafuta yake, anafyonza yale. Ukimkaanga, mafuta yanakusalimia.

Lakini nisifiche, sumu nayo ilikuwepo. Miaka ile ya mwisho ya 1990 watu walikuwa wanakuja mwaloni na dawa ya kuulia wadudu, ile ya nyanya na ya pamba. Unaimwaga pembeni kwenye magugu usiku, asubuhi unaokota tu. Hakuna nyavu, hakuna kutega. Mimi sikuimwaga, ila nilimjua aliyeimwaga na nilikula kwake. Mwaka 1999 Ulaya wakatufungia samaki. Bei ya sangara mwaloni ilianguka hadi tukawa tunagawana na majirani, na vijana wengi wa viwandani wakarudi vijijini kulima.

#8 Msukuma_Kampala
Mzee shikamoo. Hapo umechanganya. Kile kifungo cha Ulaya kilikuwa cha kipindupindu. Nilikuwa mtoto Mwanza, nakumbuka viwanda vya minofu vilisimama, mjomba wangu akakosa kazi.

#9 MpimaMaabara
Wote mko sawa, kwa sababu kufuli halikuwa moja. La kwanza 1997, Hispania na Italia zilikuta bakteria wa salmonela kwenye minofu. La pili mwanzoni mwa 1998, kipindupindu cha zile mvua za El Niño, na hilo liliwakumba Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji pamoja. La tatu ndilo la mzee, 1999, la sumu ya kuvulia. Uganda yenyewe ilisimamisha kwanza kupeleka samaki Ulaya, ndipo Ulaya nao wakafunga. Kwetu likafunguliwa 2000.

Na watu wengi hawajui kwamba Ulaya haikusema samaki wote wana sumu. Ilisema hatuna namna ya kuthibitisha kwamba hawana. Ndipo zikaja maabara, wakaguzi wa mwaloni, sakafu za vigae, barafu, na kazi yangu mimi.

#10 Msukuma_Kampala
Nashukuru kwa darasa. Mzee naomba radhi.

#11 MvuviMstaafu
Marahaba mwanangu. Mjomba wako alirudi kazini?

#12 Msukuma_Kampala
Alihamia kwenye baiskeli za abiria. Hakurudi.

#13 DadaMukene
Mimi nauza mukene (dagaa) na samaki mkavu, soko silitaji. Nitawaambia la kwetu, mkinichukia shauri yenu. Samaki mkavu ana adui wake, kijidudu cheusi kigumu, na mabuu yake yana manyoya. Gunia likikaa wiki tatu bila kuuzwa unabaki na unga na mifupa. Wapo wanaopuliza dawa ya mbu ya kopo juu ya gunia, na wapo wanaochovya kabisa kwenye maji ya dawa ya shambani kabla ya kuanika. Nimewaona. Samaki wa namna hiyo nzi hamgusi kweli.

Ila sangara mbichi wa kuuzwa jioni ileile nani apoteze pesa ya dawa? Yule ametoka kwenye sanduku la barafu. Nzi hatui kwenye kitu cha baridi. Mngoje saa tatu, nne, apate joto, halafu uniambie.

#14 BodaMkereketwa
Kwa hiyo tuna formalini, petroli, dawa ya nyanya na barafu. Bado uchawi tu.

#15 FundiSimu_Ndeeba
Dada, barafu haina harufu ya mafuta ya taa.

#16 DadaMukene
Mzee #7 ameshakujibu la mafuta, mimi nimejibu la nzi. Kwani lazima iwe sababu moja?

#17 AfandeMstaafu
Nyinyi hapa munasema maneno mingi. Mimi nilikuwa doria kwa ziwa. Mwisho ya 2020 na Januari 2021 sangara ilikufa mingi sana, inaelea tumbo juu kutoka huko Kalangala mpaka Jinja. Watu wanaokota, wanakausha, wanauza. Serikali ikasema ni hewa. Hewa gani inaua sangara kubwa na inaacha mamba? Hiyo ilikuwa sumu. Na mpaka leo kuna watu wanaokota ya kuelea, wanauza kwa barabara jioni kwa giza. Huyu kijana ameuziwa hiyo.

#18 Msukuma_Kampala
Afande, Kiswahili chako kinahitaji oksijeni pia.

#19 AfandeMstaafu
Wewe kuja kwa kambi nikufundishe.

#20 MpimaMaabara
Afande, hilo la kuacha mamba ndilo linaloitetea serikali. Mamba (Waswahili wa pwani wasistuke, ni yule kamongo, si yule wa meno) ana mapafu, anapanda juu kuvuta hewa kama wewe na mimi. Kambare naye anavumilia. Sangara hana uvumilivu huo, anahitaji oksijeni nyingi majini, na mkubwa huhitaji zaidi. Dhoruba ikilipindua ziwa, maji ya chini yasiyo na oksijeni yanapanda na sangara anakosa pumzi. Sumu ya dawa ya wadudu isingechagua wakubwa tu. Ingeanza na wadogo: nkejje (furu), mukene, vifaranga vya sato. Wale waliokufa kwa wingi walikuwa sangara wakubwa.

#21 MvuviMstaafu
Maelezo yako mazuri na nayakubali nusu. Dhoruba tumezizoea tangu babu zetu, na samaki kufa baada ya dhoruba tunakujua. Lakini kwa nini yale maji ya chini yamekosa hewa namna hiyo sasa? Si uchafu wa miji unaolisha yale majani ya kijani, yanakufa, yanazama, yanaoza huko chini? Basi hewa ni kisu tu, aliyekishika ni mwingine.

#22 MpimaMaabara
Hapo sikubishii hata kidogo.

#23 NesiWaMasaka
Nimesoma wote mpaka hapa. Mnabishana juu ya vitu vyenye harufu. Mie kliniki ya wajawazito ndiyo inayonitia wasiwasi, na kitu kinachonitia wasiwasi hakina harufu wala rangi wala ladha, na nzi anakila bila shida. Zebaki.

Bakteria wa matopeni wanaibadilisha kuwa zebaki ya methili. Vijimea vinaichukua, samaki mdogo anakula vijimea, mkubwa anamla mdogo, na haitoki mwilini haraka. Sangara yuko juu kabisa ya ngazi hiyo, hata sangara wenzake anawala. Waliopima samaki wa ziwa letu kwa kawaida wamekuta chini ya kiwango cha kimataifa, tushukuru, lakini kila mara sangara wakubwa ndio wanaongoza, na sato, mla majani, yuko chini.

Fanyeni hesabu nami. Kamati ya wataalamu wa FAO na WHO (mashirika ya chakula na ya afya ya Umoja wa Mataifa) mwaka 2003 ilisema mtu asizidi mikrogramu 1.6 za zebaki hiyo kwa wiki kwa kila kilo ya uzito wake, na hapo walikuwa wanamfikiria mtoto aliye tumboni. Mama wa kilo 60 ni mikrogramu 96 kwa wiki. Samaki akiwa na miligramu 0.5 kwa kilo, yaani amefika kwenye kikomo cha sokoni lakini hajakivuka, mama huyo anamaliza fungu lake kwa gramu 192. Kipande kimoja cha heshima. Samaki akiwa na 0.1, anaweza kula karibu kilo nzima. Kwa hiyo "amepita kipimo" na "kula kila siku" si neno moja.

Kule Minamata, Japani, kiwanda kilikuwa kinamwaga zebaki kwenye ghuba kwa miaka mingi. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi 1956, lakini kabla ya watu walianza paka. Walikuwa wanakula mabaki ya samaki, wakawa wanatetemeka na kurukaruka, wenyeji wakauita ugonjwa wa paka kucheza ngoma.

#24 BodaMkereketwa
MLETA UZI, PAKA VIPI?

#25 FundiSimu_Ndeeba
Sijamwona tangu Jumapili. Msinitishe.

#26 NesiWaMasaka
Jamani, kichwa kimoja hakimchezeshi paka ngoma. Ni jambo la miezi na miaka.

#27 BintiBusia
Zebaki mnayoisema kwetu inauzwa kwenye kichupa kama dawa ya macho. Wachimba dhahabu wanaichanganya na mchanga uliosagwa, inashikana na dhahabu inakuwa kidonge, kidonge kinachomwa motoni moshi uondoke dhahabu ibaki. Mjomba alikuwa anachomea nyuma ya jiko, kwenye kikaango kilekile cha mayai. Mikono ilianza kumtetemeka, akawa hawezi kushika kikombe cha chai kwa mkono mmoja, tukasema pombe. Hakuwahi kunywa, alikuwa Mlokole. Maji ya kuoshea mchanga yanashuka kijitoni, kijito kinakwenda ziwani. Hesabu ya Nesi ianzie hapo.

#28 MwalimuWaKemia
Pole sana dada kwa mjomba. Zebaki aliyoivuta kama mvuke ni tofauti kidogo na ile ya samaki, lakini zote zinakwenda kwenye mishipa ya fahamu. Mkataba wa kimataifa uliopewa jina la hiyohiyo Minamata umeanza kufanya kazi tangu 2017 na Uganda imo, ila kichupa bado kinauzwa.

Nisisitize kitu kimoja: si zebaki yote ya ziwani ni ya dhahabu. Nyingine inashuka na mvua kutoka hewani, nyingine iko ardhini tangu asili na inasombwa na mmomonyoko tukishakata miti, nyingine inatoka kwenye misitu na nyasi tunazochoma. Tukimbebesha mchimbaji mmoja wa Busia mzigo wa ziwa zima tutakuwa tumekosea.

#29 BintiBusia
Sijambebesha mzigo, mwalimu. Nimesema nilichokiona.

#30 NesiWaMasaka
Niongeze na la wanawake wenzangu, Hajati anisamehe. Miaka ya 1990 watafiti walipima nywele za watu wa kandokando ya ziwa, upande wa Kenya na Tanzania. Waliokutwa na zebaki ya kutisha kabisa hawakuwa walaji wakubwa wa samaki. Walikuwa watumiaji wa sabuni za kung'arisha ngozi. Tunamwogopa sangara na mkorogo uko kwenye kabati la bafuni.

#31 HajatiKibuli
Nikusamehe nini mwanangu? Mimi ni mweusi wa kuzaliwa na nitazikwa hivyo. Waambie wakwe zangu.

#32 MtotoWaKilembe
Kila kitu Nalubaale, Nalubaale. Sisi Kasese je? Shaba ya Kilembe ilichimbwa kuanzia 1956 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mchanga wa mabaki ulirundikwa bondeni kando ya mto Nyamwamba, ukabaki hapo na shaba yake na kobalti yake. Mto ulipofurika Mei 2013, na tena Mei 2020, ulikwenda na nyumba, daraja na sehemu ya marundo. Huko chini kuna Ziwa George. Ngege (jamii ya sato) wa Ziwa George tunamla tangu tukiwa wadogo na ni mtamu kuliko wenu, hilo halina mjadala. Bibi yangu hakutoa matumbo, alisema utamu uko humo.

#33 MwalimuWaKemia
Basi bibi alikuwa anakula palepale zinapojificha. Metali kama shaba na kadimiamu hukusanyika zaidi kwenye ini, figo na matamvua, minofuni ni kidogo. Ukitoa matumbo umepunguza sehemu kubwa. DDT, ile dawa ya wadudu, na jamaa zake hukaa kwenye mafuta: ngozi, tumbo, kichwa. Ukimbanika mafuta yakadondoka, na sumu kiasi inadondoka nayo. Zebaki ndiyo haina huruma, imo ndani ya nyama yenyewe, huikati wala huichemshi ikaondoka.

#34 AfandeMstaafu
DDT walipuliza Apac na Oyam 2008 kwa manyumba, ya malaria. Wakulima wakaenda kortini. Lakini mbu ilikufa, mimi nilikuwa huko.

#35 MchomaSamaki_Wanseko
Salaam kutoka Ziwa Albert. Mbona hakuna anayeuliza habari za moshi? Mimi nachoma samaki mwaka wa 14 sasa. Tunaweka wavu wa chuma juu ya pipa lililokatwa, kuni chini, samaki usiku kucha. Kuni mbichi haziwaki, kwa hiyo wenzangu wanaanzia na kaveera, kipande cha jerikeni, wengine mpira wa tairi. Moshi mweusi tii, na samaki anapata rangi nzuri ya kung'aa, mnunuzi wa Kampala anaipenda rangi hiyo! Mimi kikohozi sijui nilikianza mwaka gani. Daktari aliniuliza kama navuta sigara nikacheka.

#36 MwalimuWaKemia
Dada, ahsante kwa kusema ukweli. Kuni zisipopata hewa ya kutosha zinatoa kemikali za familia ya lami, maarufu zaidi ni benzopaireni, imethibitika kuleta saratani. Mafuta ya samaki yanapodondokea kaa la moto yanaizidisha. Ulaya tangu 2014 samaki wa moshi haruhusiwi kuzidi mikrogramu 2 za benzopaireni kwa kilo, kiwango kidogo ajabu. Plastiki na tairi zinaongeza balaa jingine juu yake.

Dawa ipo: moto uwe kando au uwe makaa badala ya ndimi, kuni kavu, na trei ya kukinga mafuta yasidondoke. Senegal walitengeneza tanuri la namna hiyo pamoja na FAO, linaitwa Thiaroye.

#37 MchomaSamaki_Wanseko
Hilo tanuri tuliletewa picha yake kwenye semina, tukapewa soda. Bei yake ni ng'ombe wangapi?

#38 Msukuma_Kampala
Na plastiki wenyewe mmewasahau. Utafiti uliofanyika kwetu Mwanza na kutolewa 2016 ulinunua sangara na sato sokoni, ukafungua matumbo, mmoja kati ya watano akakutwa na vipande vya plastiki. Vya mifuko, chupa, nguo.

#39 BodaMkereketwa
Ndiyo maana siku hizi samaki hamalizi njaa. Unakula bidhaa ya China.

#40 MpimaMaabara
Ile ilikuwa tumboni, si minofuni, na sampuli hazikuwa nyingi. Lakini kumbukeni mukene analiwa mzima, tumbo na vyote. Na hapo naingiza langu la Ghuba ya Murchison. Mfereji wa Nakivubo unaipitisha Kampala nzima kwenye kinamasi, kinamasi kimelimwa magimbi na kujengwa, uchafu unafika ghubani. Maji yanakuwa kijani kama supu ya mchicha. Baadhi ya ile mimea ya kijani hutengeneza sumu ya ini, maikrosistini, na kuchemsha hakuiondoi. Kwa maji ya kunywa WHO wameweka kikomo cha mikrogramu 1 kwa lita. Kwa mukene wa kukaanga wa Ggaba, hapo ghubani, hakuna anayekuwekea kibao.

#41 DadaMukene
Mukene wangu natoa visiwani, si Ggaba. Usiniharibie biashara, ssebo.

#42 MpimaMaabara
Nimesema Ggaba, nnyabo, sijasema gunia lako. Ila kwa kuwa umefungua mlango: mtungi wangu wa hasira uko hapa. Kwa miaka yote niliyofanya kazi hii, mnofu ninaoupima unapanda ndege. Unapimwa dawa za wadudu, metali, bakteria, una karatasi na mhuri. Kichwa na mgongo wazi (mifupa iliyotolewa minofu) vinabaki kwa lori, vinapelekwa kukaangwa na kuliwa na sisi. Aliyeko Brussels anajua zebaki ya chakula chake cha mchana. Mleta uzi wa Ndeeba anategemea nzi.

#43 MvuviMstaafu
Hapo umesema. Na bado askari akinikuta na sangara wa chini ya inchi 20 mtumbwi unachomwa. Kipimo cha urefu wanacho hata usiku wa manane.

#44 AfandeMstaafu
Sheria ni sheria, mzee.

#45 HajatiKibuli
Sasa nami niulize. Mmepima ziwa, mmepima moshi, mmepima sabuni. Sufuria mmeipima? Zile nzito za kusubu za Katwe, za vyuma chakavu?

#46 MwalimuWaKemia
Hajati unastahili shahada. Sufuria za namna hiyo zilipimwa Cameroon na nchi nyingine za Afrika, nyingi zikakutwa zinaachia metali ya risasi kwenye chakula, hasa chenye uchachu. Vipuri vya injini na makopo vinayeyushwa pamoja. Ukimpika sangara kwa nyanya na ndimu ndani yake, huenda risasi ya sufuria ikashinda ya ziwa.

#47 HajatiKibuli
Na mimi nilipewa tatu za arusi. Bado ninazo.

#48 FundiSimu_Ndeeba
Wakubwa nawashukuru, lakini nimechanganyikiwa kuliko nilivyoanza. Tule tusile? Mke wangu ana mimba ya miezi minne, sikutaka kulisema mwanzo.

#49 NesiWaMasaka
Hongereni. Mwambie ale samaki, asiache. Wataalamu wa FAO na WHO walikaa Roma Januari 2010 kwa swali hilohilo, wakakuta kwa walio wengi faida inazidi hatari, na mjamzito asiyekula samaki kabisa anamkosesha mtoto mafuta ya kujengea ubongo. Sato, ngege na mukene kwa wingi, sangara mkubwa mara mojamoja. Matumbo atoe. Wa moshi mweusi asimzoee.

Ila huyo mwenye harufu, chochote kiwe, mtupe. Hata kama ni petroli tu ya mzee #7, petroli si kiungo.

#50 MvuviMstaafu
Petroli tu. Naweka dau jogoo.

#51 HajatiKibuli
Formalini. Mwalimu hanibadilishi.

#52 AfandeMstaafu
Ya kuelea.

#53 DadaMukene
Barafu, pamoja na petroli. Kichwani mwangu kesi imekwisha, nakwenda kufungua kibanda.

#54 BodaMkereketwa
Paka?

#55 FundiSimu_Ndeeba
Paka amerudi asubuhi hii, mzima, ana panya mdomoni. Hachezi ngoma. Nikatoa kipande kimoja cha kwenye friji nikamwekea kwenye kigae. Amekinusa, ameniangalia, amechukua panya wake ameondoka.

Vilivyobaki nimevifukia nyuma ya nyumba. Mke anauliza kama nimevifukia mbali na mchicha.